Mtaa, kata, halmashauri au kamati ya kituo: hoja ya mwenye ulemavu ipelekwe wapi Arusha na Moshi

Neno "serikali za mitaa" linawachanganya wengi. Likitamkwa redioni, maana yake ni mfumo mzima: mtaa, kata na halmashauri. Likitamkwa na jirani yako Ngarenaro au Pasua, maana yake ni ile ofisi ndogo ya mwenyekiti, yenye bendera mlangoni na benchi la mbao nje. Mkanganyiko huu una gharama yake. Mwenye ulemavu anaambiwa aende serikali za mitaa, anakwenda kwa mwenyekiti, anasikilizwa vizuri, na hoja inalala hapo hapo kwa sababu aliyeisikiliza hana fungu la fedha wala mhandisi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 imezipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda haki na ustawi wa watu wenye ulemavu katika maeneo yao. Wajibu upo, ila umegawanyika. Kuna mwenye muhuri, kuna mwenye kura, kuna mwenye hundi, na mara nyingi hawa ni watu tofauti. Tunailinganisha hapa milango minne, ili familia au chama cha watu wenye ulemavu kijue kwa kila jambo kianzie wapi.

| | Mtaa | Kata | Halmashauri | Kamati ya kituo cha afya au shule |
|---|---|---|---|---|
| Wahusika | Mwenyekiti, mtendaji wa mtaa | Diwani, mtendaji wa kata, Kamati ya Maendeleo ya Kata | Mkurugenzi, wakuu wa divisheni, baraza la madiwani | Wajumbe kutoka jamii, mganga mfawidhi au mwalimu mkuu |
| Nguvu yake | Kumtambua mkazi, kuitisha mkutano, kuandika muhtasari | Kupanga vipaumbele | Bajeti, wataalamu, mikopo, vibali vya ujenzi | Fedha za kituo chenyewe |
| Inapokwama | Haina fedha ya kujenga | Inapendekeza, hailipi | Iko mbali, mafaili ni mengi | Fedha ni kidogo, kazi kubwa haziwezi |
| Ipelekewe | Daftari, barua, mkutano | Mradi wa kudumu | Mkopo, elimu maalum, kesi za mtu mmoja mmoja | Marekebisho madogo ya jengo |

Kabla ya yote, jua uko halmashauri ipi

Kosa la kwanza hutokea kwenye anwani ya barua. Mkazi wa Ngaramtoni au Kisongo anajiita mtu wa Arusha, na ni kweli, lakini halmashauri yake ni ya Wilaya ya Arusha, si Jiji. Wa Tengeru na Usa River yuko Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Moshi ni vivyo hivyo: Kiboriloni, Njoro, Pasua na Soweto ni Manispaa, ilhali Kibosho, Uru, Himo na Marangu ni Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Barua ikienda kusiko, masijala, yaani ofisi ya kupokea barua na kutunza mafaili, huipokea na kuigonga muhuri kama kawaida, kisha inakaa. Ndiyo maana kosa hili huchelewa kugundulika.

Na si kila kitu kilichopo mtaani ni cha halmashauri. Barabara za mitaa, mitaro yake na njia za waenda kwa miguu ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017. Barabara kuu kama ile ya Moshi kwenda Arusha ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Bomba la maji ni la mamlaka ya maji: AUWSA kwa Arusha na MUWSA kwa Moshi. Kiti mwendo kikikwama kwenye mtaro usio na kifuniko, barua ya kwanza ni ya meneja wa TARURA wa wilaya, na diwani anapewa nakala ili afuatilie. Masoko na stendi zilizo mikononi mwa halmashauri, zahanati za umma na shule za serikali: hivyo ndivyo vya kuidai halmashauri.

Mtaa: pazuri pa kuanzia, pabaya pa kumalizia

Karibu kila karatasi inaanzia hapa. Mkopo, msamaha wa matibabu, nafasi ya shule yenye kitengo maalum, vyote vitadai barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa. Lakini kazi kubwa ya mtaa, ambayo watu hawaitumii inavyostahili, ni kuhesabu.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Chukua mtaa wenye watu 3,000 wa umri huo. Kwa wastani wa kitaifa, unategemea kukuta zaidi ya watu 300, kuanzia wenye ugumu kiasi hadi wenye ulemavu mkubwa. Daftari la mtaa likiwa na majina tisa, tatizo liko kwenye daftari. Kinachotokea ni kwamba huandikwa wanaoonekana njiani: mwenye magongo, mwenye fimbo nyeupe, mwenye kiti mwendo. Mtoto kiziwi hachukuliwi kama mwenye ulemavu, huitwa mtundu asiyesikia. Mwenye ulemavu wa akili amefungiwa ndani. Mzee ambaye macho yamefifia anaambiwa ni uzee.

Kwa hiyo chama kikitaka kusaidia, kimwombe mtendaji ruhusa ya kuandikisha nyumba kwa nyumba pamoja na mjumbe wa serikali ya mtaa, na daftari liwe na safu sita tu: jina, umri, aina ya ulemavu, anasoma au anafanya kazi gani, kifaa alicho nacho, kifaa anachohitaji. Safu ya mwisho ndiyo inayogeuka kuwa bajeti. Liwekwe kabatini, lisibandikwe ukutani. Ni taarifa za watu, na kwa wenye ualbino hasa, kutangaza nani anaishi wapi ni kuwatia hatarini.

Mkutano wa mtaa nao una kasoro zake. Hutangazwa kwa kipaza sauti, kwa hiyo viziwi hawapati habari. Dawa ni ujumbe mfupi wa simu siku tatu kabla. Hufanyikia uwanja wa mawe au ofisi yenye ngazi. Na kiziwi akija, huambiwa ndugu yake amtafsirie. Ndugu hufupisha. Hoja ya dakika kumi humfikia kiziwi ikiwa neno moja, "wanagombana". Ombeni mkalimani wa lugha ya alama kupitia CHAVITA, chama cha viziwi, na mkutano ukizidi saa moja wawe wawili wanaopokezana, kwa sababu mikono na akili vikichoka, tafsiri huporomoka bila yeyote kutambua.

Mkiwa mkutanoni, sentensi yenye thamani kuliko zote ni hii: "Mwenyekiti, naomba hoja hii iandikwe kwenye muhtasari." Kisichoandikwa hakipandi kwenda kata.

Kata: hapa ndipo hoja inakuwa mradi, au inakufa

Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo watendaji wenyewe huiita WDC, inaongozwa na diwani, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Hailipi fundi. Kazi yake ni kupanga kipi kitangulie, na hilo ni jambo kubwa, maana halmashauri inapokata orodha hukata kuanzia chini.

Hoja za ulemavu hufa hapa kwa sababu ya maneno yake. "Kuboresha mazingira rafiki kwa watu wenye ulemavu" hakuna anayelipinga, na hakuna anayeweza kulikadiria gharama. Linganisha na hili: "Kujenga njia ya mteremko yenye urefu wa mita 5.4 na upana wa mita 1.2 kwenye mlango mkuu wa zahanati, na kupanua mlango wa chumba cha sindano kufikia sentimita 90." La pili mhandisi analikadiria kwa siku moja. Diwani naye anaweza kulitetea barazani bila kubabaika, na mwakani mnaweza kwenda na futi kamba kulipima.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini usidanganyike na tarehe hiyo. Vipaumbele vya mitaa na kata hukusanywa kuanzia Oktoba hivi, na bajeti hupita kwenye baraza la madiwani mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Hoja ikifika kata mwezi Mei, hata ikipendwa na kila mjumbe, inasubiri mzunguko mzima. Lengeni iwe mezani mwa kata kabla ya Novemba kwisha.

Kamati ya kituo: mlango ambao wengi huupita

Tangu mwaka wa fedha wa 2017/18, fedha za vituo vya afya vya umma hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na matumizi yake hupangwa na mganga mfawidhi pamoja na kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka jamii. Shule nazo zina kamati ya shule na ruzuku. Maana yake ni kwamba njia ya mteremko ya zahanati inaweza kujengwa bila kusubiri bajeti ya halmashauri nzima, mradi iingizwe kwenye mpango wa mwaka wa kituo chenyewe. Kwa kazi ndogo ya ujenzi, tunaupendekeza mlango huu kuliko yote mitatu mingine. Ni karibu, wajumbe mnawafahamu, na mwenye ulemavu anaweza kugombea ujumbe.

Hatari yake iko kwenye ubora. Fundi anayeletwa anajua kujenga ngazi na ukuta, hajui kipimo cha mteremko, na anafanya kinachoingia kwenye nafasi iliyopo. Kwa hiyo wekeni vipimo kwenye barua yenyewe.

Kanuni ni moja kwa kumi na mbili. Kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Mlango wenye ngazi tatu za sentimita 15 una kimo cha sentimita 45, kwa hiyo mteremko ni sentimita 540. Mara nyingi mbele ya zahanati kuna mita tatu tu kabla ya mtaro. Fundi anaibana mita 5.4 iwe mita tatu, na hapo mmepata mwinuko wa karibu moja kwa saba: mwenye kiti mwendo hawezi kuupanda bila kusukumwa, na akiushuka peke yake anaweza kupinduka. Msikubali. Njia ipindishwe kufuata ukuta, na kwenye kona pawe na jukwaa tambarare la mita 1.5 kwa 1.5 la kugeuzia.

Juu, mbele ya mlango, nako pawe tambarare kwa kiasi hicho hicho. Asipopata pa kusimama sawa, mtu anavuta mlango huku kiti kinarudi nyuma. Upana usipungue sentimita 120. Kingo za pembeni zipande sentimita 5 hadi 10 ili gurudumu lisichomoke, na mabomba ya kushikilia yawe pande zote mbili kwa kimo cha sentimita 90 hivi. Sakafu isipigwe niru, yaani saruji iliyolainishwa hadi ing'ae. Niru inang'aa siku ya uzinduzi, na msimu wa masika inakuwa sabuni. Saruji ikiwa bado mbichi ipitishwe fagio gumu kwa kukata upana wa njia, si kufuata urefu wake, mikwaruzo ibaki, kisha imwagiliwe maji siku saba. Chini, kama kuna mtaro, kifuniko chake cha nondo kiwe na mianya myembamba kuliko kidole kidogo. Magurudumu ya mbele ya kiti mwendo ni madogo na hudumbukia.

Choo kina kosa lake la peke yake. Kinajengwa kikubwa, kinabandikwa alama ya kiti mwendo, kisha kinafungwa kufuli na kujazwa madebe ya rangi na ndoo za deki. Barua iseme nani anashika ufunguo. Ndani pabaki nafasi tupu ya duara la mita 1.5 ili kiti kigeuke, na mlango ufungukie nje.

Halmashauri: nenda ukijua divisheni

Ukifika ofisi za Jiji au Manispaa ukasema "nina shida ya ulemavu", utazungushwa. Taja jambo lako, si ulemavu.

Mtoto anayehitaji shule yenye kitengo maalum: Divisheni ya Elimu, kwa afisa anayeshughulikia elimu maalum. Nenda na cheti cha kuzaliwa na maelezo ya daktari, na usingoje shule zifunguliwe Januari, maana kabla ya hapo mtoto anatakiwa kupimwa ili ijulikane anahitaji nini.

Ukatili, kutelekezwa, mtu aliyefungiwa ndani, msamaha wa matibabu: Ustawi wa Jamii. Ombi la msamaha lieleze kipato cha kaya kwa tarakimu. Wengi huandika ulemavu pekee, na afisa anabaki hana la kupima. Kwa viungo bandia, ustawi huandika barua ya kusindikiza. Karakana yenyewe iko hospitali ya KCMC Moshi, palipo pia na chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia. Losheni ya kukinga jua kwa wenye ualbino nayo hutengenezwa hapo hapo KCMC.

Duka, benki au nyumba ya wageni inayoanza kujengwa bila njia ya kiti mwendo: ofisi inayotoa vibali vya ujenzi, wakati ramani bado iko mezani. Sakafu ikishamwagwa, kila mtu atakuambia ni gharama.

Mkopo uko Maendeleo ya Jamii. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejea mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Mwanamke mwenye ulemavu ana chaguo la kweli hapa. Kapu la 4 ni kubwa mara mbili ya lile la 2, lakini atapimwa pamoja na vikundi vingi vya kina mama. Kwenye kapu la 2, idadi ya chini ya wanakikundi ni ndogo, na masharti yametungwa yeye akiwa akilini. Ushauri wetu: kama biashara inaendeshwa na wenye ulemavu wenyewe, nendeni kwenye 2. Mkikaribishwa kwenye kikundi cha wengine, ulizeni jambo moja kabla ya kuweka saini: je, mwenye ulemavu ni mmoja wa watia saini wa akaunti ya benki? Kama jina lake liko kwenye orodha tu na fedha hazigusi, deni litakapodaiwa jina hilo halitasahauliwa.

Ipo pia kamati ya watu wenye ulemavu, ambayo kwa mujibu wa sheria huundwa kuanzia kijiji au mtaa hadi juu. Watu huiona kama mlango wa tano. Sisi tunaiona kama msukumo wa nyuma ya milango mingine: inashauri na kufuatilia, haina hundi. Ipewe nakala ya kila barua, isiwe mpokeaji pekee. SHIVYAWATA, ambalo ni shirikisho la vyama vyenyewe, litumike hivyo hivyo.

Barua inayosogea

Ukurasa mmoja. Kichwa cha habari kitaje jengo na kazi. Kama inakwenda kwa mkurugenzi, ipitie kwa mtendaji wa kata na aigonge muhuri, vinginevyo itarudishwa huko huko kuombewa maoni na wiki tatu zimekwenda. Ambatanisha muhtasari wa mkutano wa mtaa, hesabu ya watu kutoka kwenye daftari bila majina yao, na mchoro wenye vipimo hata kama ni wa mkono.

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki masijala. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo, na uulize namba ya kumbukumbu ya faili. Ukirudi baada ya siku 14, usiulize "ile barua yetu imefikia wapi?" Taja namba hiyo na uulize faili liko kwa nani sasa. Karani wa masijala analiona kwenye daftari la kusambazia mafaili, na hapo utajua ni meza gani ya kwenda.

Wasioona wana haki ya kupata jibu kwa namna wanayoweza kulisoma. Andikeni hilo chini ya saini: jibu litumwe pia kwa ujumbe wa simu, ili lisomwe kwa sauti na simu yenyewe, bila kumsubiri mtu wa kumsomea.